Nusu ya Nauli

Cheo cha Waziri alipewa na mumewe, tena kwa mzaha. Walikuwa na miezi michache tu tangu waoane, na siku ya mshahara mume akarudi nyumbani na mfuko wa zabibu, chupa ya marashi na redio ambayo hakuna aliyeiomba. Mke hakupiga kelele. Alivipanga vitu vile mezani, akavikagua kimoja kimoja kama askari wa mpakani, kisha akauliza, "Na mchele?" Mume akajishika kichwa. Tangu siku hiyo pesa ya chakula ikakaa kwa mke, na kila mwisho wa mwezi mume alisimama mlangoni akapiga saluti: "Mheshimiwa Waziri wa Fedha, mapato ya serikali haya hapa." Majirani wakasikia, na jina likaganda kama gundi.

Mume mwenyewe naye aliitwa kwa kazi yake. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kwa hiyo akawa Cheche. Alikuwa mtu wa mkono wazi. Hela kwake ilikuwa kama maji kwenye chujio, na ukimuuliza imekwenda wapi atakutajia watu, si vitu: fulani alikuwa anaumwa, fulani mwanawe kafukuzwa shule. Waziri alimgombeza kwa hilo, na kwa hilo hilo alimpenda. Mara ya kwanza kukutana, mvua ilikuwa inanyesha na Cheche alimpa mwavuli wake, akaondoka mbio analowa. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba hata mwavuli wenyewe ulikuwa wa kuazima.

Karakana alimokuwa akifanya kazi ilipofungwa, Cheche alipata kibarua mbali, kwenye ujenzi wa bwawa. Kufika huko ni basi la siku nzima hadi mji wa njia panda, halafu gari jingine la siku nzima, kwenye barabara ya kuvunja mbavu. Waziri alikuwa mjamzito. "Nitarudi kabla hujajifungua," alisema Cheche. Waziri akajifungua, Cheche hakurudi. Mtoto akacheka, akakaa, akaota meno, akaanza kujivuta kwenye miguu ya cherehani ya mama yake asimame, na baba yake alimjua kwa kioo cha simu tu, tena kioo chenye ufa, kwa mtandao uliopenda kukatika pale pale maneno yanaponoga. Kampuni haikutoa likizo. Mishahara nayo ilikuja ikichechemea, leo nusu, kesho ahadi.

Ndipo Waziri akakaza mkanda. Yeye alikuwa akishona sare za shule barazani, na kipato chake na kile kidogo alichotuma mumewe alikigawa mara moja tu kwa mwezi: hii ya pango, hii ya chakula, na inayobaki inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Hiyo ni nauli ya Cheche, siku likizo itakapopatikana. Na kwa kuwa pango halipungui, kilichopaswa kupungua ni chakula. Mchele ukawa unapimwa kwa kikombe. Mafuta yakawa kwa kijiko. Sokoni alikwenda jioni, wauza mboga wanapotaka kurudi kwao, akanunua nyanya zilizolainika ambazo asubuhi hakuna ambaye angezitazama. Mbele ya duka la jirani alipita ameangalia mbele, maana mwenye duka alikuwa na maneno matamu na daftari la mkopo.

Hayo yote hayakumshinda. Kilichomshinda ni kikombe. Kila alipopima mchele, mkono wake ulichota cha mwisho bila kuulizwa, kile cha Cheche, ambaye alikula kama mtu aliyetoka kulima. Akili inamwambia wameshapungua, mkono unabisha. Alikuwa akisimama hivyo, kikombe kimejaa, anasikiliza mlangoni kama mjinga, kisha anarudisha mchele guniani taratibu, punje kwa punje, kama anayemwomba mtu radhi.

Nyumbani waliishi na mama mkwe, mama yake Cheche. Huyu alikuwa mama kweli, asiye na neno. Lakini mkono wa mwanawe haukutoka mbali. Alipika kwa macho, si kwa kikombe, na aliamini kwamba sufuria isiyoweza kumlisha mtu asiyetarajiwa ni sufuria yenye laana. Jirani akibisha hodi kuomba chumvi, anatoka amekula. Waziri akimwambia, "Mama, mwezi bado mbichi na mafuta yamekwisha," anajibu, "Mwanangu, mafuta yaliisha tangu enzi za bibi yangu, na sote tukakua." Kisha anamnyanyua mjukuu wake, ambaye alimwita mke mwenza, na kumwambia sikioni kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Mke mwenzangu, mama yako anataka tule hewa."

Wakaja kugombana kwa sababu ya kuku. Mama wa nyumba ya nyuma alikuwa amejifungua kwa tabu, damu imempungua, na mumewe kasafiri. Mama mkwe akapanda kiti, akashusha kopo, akanunua kuku, akachemsha supu na kuipeleka yote. Waziri aliporudi kutoka kupeleka sare kwa wateja alikuta manyoya nyuma ya nyumba.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Koponi. Nitarudisha."

"Utarudisha na nini?" Sauti ikampanda kabla hajaishika. "Hiyo pesa si ya sadaka! Hiyo ni ya mwanao! Mimi nakunywa chai isiyo na sukari, nakula nyanya za kutupwa, ili mume wangu aje amwone mwanawe, na wewe unagawa kuku?"

Mama mkwe alifuta mikono kwenye kanga, akaingia chumbani. Kuanzia kesho yake alianza kupima mchele kwa kikombe, tena anakifuta juu kwa kidole kiwe sawasawa. Jirani akibisha, anamjibu akiwa mlangoni. Nyumba ikawa na nidhamu, na ikawa kimya. Waziri alikuwa amepata alichokitaka, na kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwezi ulipokwisha, Cheche akapiga simu, anahema kwa furaha. Likizo imekubaliwa, wiki moja. "Mshahara haujatoka, Waziri. Nitumie nauli nije."

Iliyokuwa koponi ilitosha, kwa taabu. Walimtumia. Mama mkwe, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akizungumza na mkwewe kwa heshima tu, akasahau kwamba kanuna na kuanza kufagia uani huku anaimba. Waziri alifua mapazia, akamshonea mtoto gauni kwa vipande vya sare, na akanunua nyama, kilo nzima, bila kuomba apunguziwe bei. Siku yenyewe mama mkwe alikaa barazani tangu asubuhi, mtoto mapajani, na kila mwanamume aliyekata kona na begi alimfanya anyanyuke. Jua likashuka. Nyama ikapashwa moto mara ya pili. Cheche hakuja, na simu yake haikupatikana.

Alipiga kesho yake mchana.

"Uko wapi?" Waziri aliuliza.

"Kambini."

Waziri akaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Mke wangu, mpishi wetu hapa alifiwa na mama yake. Siku ile ile uliponitumia. Hana hata senti, mshahara haujatoka, hakuna aliyekuwa na kitu. Mama angezikwa bila yeye. Mtoto wa pekee, Waziri. Ningefanyaje?"

Nyuma ya sauti yake nyundo zilikuwa zikigonga chuma. Waziri alitafuta tusi la kumtukana akakosa. Akatafuta neno la kumwambia kwamba kakosea, nalo akakosa.

"Umefanya vizuri," alisema, sauti kavu kama mkate wa juzi, akakata simu. Akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa shati mahali pa ukosi, hakugundua mpaka alipoinyanyua nguo akaiona inamnyooshea mkono.

Hapo ndipo alipolia. Mama mkwe alitoka, akaketi chini kando ya cherehani, na bila kuuliza akaanza kufumua ule mkono, uzi baada ya uzi.

"Ni mwanangu mimi," alisema. "Kama ni lawama, nilaumu mimi. Nilimlea hivyo."

"Simlaumu, mama. Angekuwa mtu wa kumwacha mwenziwe asimzike mama yake, mimi hapa ningekuwa namlilia nini?" Akajifuta na kipande cha kitambaa. "Na lile la kuku, mama, naomba unisamehe."

"Yule mzazi alipona," mama mkwe alisema. "Nikusamehe nini? Ulikuwa unanidai mume wako." Na akaendelea kufumua.

Siku chache baadaye, mchana, mtu akabisha hodi. Alikuwa mwanamume mkubwa kama mlango, mwenye sauti ndogo kama ya mtu anayeongea hospitalini, na begani alikuwa na gunia la viazi vitamu. "Mimi ndiye mpishi," alisema. Hakuna aliyeuliza mpishi yupi. Mama mkwe akampa pole ya msiba, akamvuta ndani kwa mkono, na Waziri akaenda jikoni. Alichota mchele kikombe baada ya kikombe, na cha mwisho hakukirudisha.

Mpishi alikula kwa adabu, kisha kwa njaa, kisha akaeleza. Amemzika mama yake vizuri. Anarudi kambini. Nauli ataanza kuilipa mshahara ukitoka. Lakini watu wawili hawa hawakutaka habari za nauli. Walitaka habari za Cheche, na walimchimba kama kisima.

"Anakula?"

"Anakula, lakini amesimama. Anasema akikaa anasinzia."

"Anaumwa?"

"Macho. Yale macho ya mafundi, ya mwanga wa kuchomelea. Asubuhi nampa majani ya chai yaliyopoa ayabandike." Mpishi akacheka kidogo. "Mtoto wenu tunamjua sote kule. Kila mgeni akija kambini Cheche anamwambia: binti yangu ana meno manne."

Waziri alimtazama mtoto, aliyekuwa akitafuna kona ya mkeka. "Ana sita," alisema, na akainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo.

Mpishi aliona. Alizungusha kikombe cha chai, kisha akaanza kuzungumza kuhusu kazi yake, mtu angedhani anabadilisha mada. Yeye pia, alisema, ana bajeti. Anapewa pesa ya kulisha watu hamsini na anawakuta mezani watu mia. Kila mwisho wa mwezi anashuka na lori la kampuni hadi mji wa njia panda, anazunguka soko zima kutafuta unga wa bei nafuu, maharage, vitunguu. Na lazima aende na mtu wa kubeba, mwenye mgongo.

"Msimamizi ananiachia nimchague mwenyewe," alisema. "Mwezi huu nimchague nani, shemeji?"

Waziri alisimama. Mji wa njia panda ni basi moja tu. Ni nusu ya safari. Akashusha kopo na kumwaga kilichokuwemo juu ya meza: pesa ya sare alizomaliza wiki ile na salio lililobaki. Walihesabu wote watatu, vichwa vimegusana. Ikawa kwenda na kurudi, mtu mmoja. Mtoto atapakatwa.

Hapo Waziri akamtazama mama mkwe. Alikuwa mzee sasa, magoti yanamsumbua, na mwaka ujao hakuna aliyepewa hati yake. "Mama, nenda wewe na mtoto," alisema, na kila neno alilivuta kama ndoo iliyojaa. "Wewe ndiye mama yake."

"Mimi?" Mama mkwe akasukuma zile pesa kurudi upande wa mkwewe. "Mimi yule nimemwona tangu hana jino hata moja. Nenda wewe. Na ukifika usianze kumkaripia kabla hajakaa."

Basi alikwenda. Soko la njia panda lilikuwa kubwa na la vumbi, malori yamepangwa kitako kwa kitako, wapagazi wanapiga kelele watu wapishe. Waziri alisimama mahali alipoelekezwa na mpishi, mbele ya ghala la unga, mtoto kiunoni na gauni lake la vipande. Alikuwa amejiandaa. Njia nzima kwenye basi alikuwa akipanga maneno: hili kwanza, lile baadaye, hili la pango aliseme akiwa anacheka ili asimtie wasiwasi.

Mtu akatoka ghalani na gunia begani, mweupe wa unga toka kichwani hadi miguuni, kakonda, ndevu zimeota ovyo. Waziri akasogea ampishe. Yule mtu akasimama, akatua gunia.

"Mheshimiwa Waziri," alisema.

Maneno yote aliyoyapanga yakatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. "Umekonda," akasema. Ndilo pekee lililobaki.

Cheche alinyoosha mikono kwa mtoto. Mtoto alimtazama yule mtu mweupe mwenye macho mekundu, mdomo ukapinda, akapiga yowe la kugeuza watu soko zima na kuuficha uso shingoni mwa mama yake. Cheche akashusha mikono. Akajifuta kwenye suruali, ingawa suruali yenyewe ndiyo iliyokuwa chafu zaidi.

"Ana haki," alisema. "Mimi ni mgeni."

Mpishi akapita na kumwambia apumzike, magunia yanayobaki atayabeba yeye. "Lori likijaa nitapiga honi," alisema, na akaanza kufanya kazi polepole kuliko mpishi yeyote aliyewahi kuonekana. Mara kadhaa alipanda na gunia akalishusha tena, akidai limepangwa vibaya.

Wakakaa juu ya magunia ya unga kivulini, mgongo ukutani, bega kwa bega. Cheche akatazama kibanda cha chai ng'ambo. "Serikali inaidhinisha chai na mkate?"

"Leo bunge liko likizo," Waziri alisema. "Agiza na mayai."

Walikula. Hawakuzungumza mengi. Cheche aliuliza kama mama bado anabishana na redio, kama paa linavuja upande ule ule. Waziri alijibu, na huku anajibu alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho: sikio, kovu jipya la moto mkononi, namna anavyotafuna. Alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na bado alimtamani, kama mtu anayekunywa maji ndotoni. Pale pale kwenye gunia alianza kumkosa, kabla hajaondoka.

Mtoto alinyamaza, akachungulia. Yule mtu alikuwa bado yupo. Baada ya muda akashuka mapajani mwa mama yake, akatambaa juu ya unga, akalifikia lile kovu, akaligusa kwa kidole, akautazama uso wa mwenye kovu. Cheche hakutikisika. Hata kutafuna aliacha. Mtoto akaushika mkono ule kwa mikono yote miwili, akauvuta mdomoni, akauma.

"Sita," Cheche alisema, na machozi yakachora mistari kwenye unga wa mashavu yake. "Ana meno sita, Waziri."

Honi ikalia. Ikalia tena. Cheche akanyanyuka, akamkumbatia mkewe na mtoto kwa pamoja, akawaacha na unga nguoni. "Bwawa litakwisha," alisema. "Hakuna ujenzi usiokwisha." Akapanda juu ya mzigo, kati ya vitunguu na maharage, na lori likageuka. Alipunga mkono mpaka vumbi likamla. Waziri alibaki amesimama pale hadi mpagazi mmoja akamwambia, kwa upole kabisa, "Dada, naomba njia."

Alifika nyumbani kesho yake. Mama mkwe alikuwa barazani.

"Kakonda?"

"Kanenepa, mama."

"Mwongo," mama mkwe alisema, akampokea mtoto. "Haya, njoo jikoni unisimulie."

Akasimulia. Na jioni iliyofuata akasimulia tena, na iliyofuata, wanachambua maharage kwa mwanga wa dirishani. Mama mkwe hakukubali lolote lipite bila kuulizwa. Alikaa upande gani? Mkono gani ule aliong'atwa, wa kulia au wa kushoto? Alicheka vipi, kile kicheko cha puani au kile kikubwa? Mwezi ulikuwa bado mbichi, na mboga ilikuwa chache, na Cheche alikuwa bado mbali, mbali vile vile kama zamani. Waziri alijibu yote. Yakipungua, aliongeza kidogo: kwamba alimbeba mtoto begani akamzungusha soko zima, kwamba walipita mbele ya duka la vitambaa na Cheche akasema ile nyekundu ingempendeza mama. Mama mkwe aliinua macho kwenye sinia, akamtazama mkwewe kwa muda.

"Nyekundu ipi?" aliuliza. "Iliyoiva, au ile ya kupauka?"

"Iliyoiva, mama."

"Enhe," mama mkwe alisema, akasogeza sinia karibu. "Halafu?"